Shaba Nyeusi

Rogath alikuwa amechoka hata kabla pikipiki haijatoka Nachingwea. Safari ya Nkowe aliizoea, haikuwa kitu. Kilichomchosha ni kuitwa kwa jambo lilelile kila mara: fundi, njoo, mashine yako imekufa.

Kazi yake ni kutengeneza amplifaya za gita la besi. Wapo wanaouza, wapo wanaokarabati, yeye anatengeneza. Sanduku analiunda mwenyewe kwa mbao za mninga. Transfoma anaisuka kwa mkono, tabaka la waya wa shaba, tabaka la karatasi, tena tabaka la waya, mpaka vidole vinakufa ganzi. Spika tu ndiyo anaagiza Dar. Kwaya nyingi za Nachingwea na Ruangwa zimepitia mikononi mwake, na besi ya Rogath ikilia kanisani hata wazee wanaosinzia kwenye mabenchi ya nyuma huinua vichwa. Gita la besi lisipokuwa na mashine ni nyuzi nne tu zinazonong'onezana, mpigaji anahangaika na hakuna anayemsikia.

Anayo tabia moja ambayo wateja humcheka nayo. Akimaliza kazi, sehemu ya umeme anaifunga kwa skrubu, halafu anapaka gundi ya mbao kuzunguka kifuniko chote. Anawajua mafundi wa vijiweni, wakiona tundu hawatulii mpaka watie bisibisi. Kwa hiyo kilichomo ndani ya mashine ya Rogath hakionwi na mtu mpaka siku itakapokufa.

Na zilikuwa zinakufa, hilo ndilo lililomzeesha. Mwaka juzi mashine ya kwaya ya Naipingo ilinyamaza katikati ya misa ya Pasaka. Mtunzaji wake alikuwa Dominiko, mpiga besi wa kwaya, mdogo wake Goreti, na Goreti ndiye mke wa Rogath. Rogath aliifungua mbele ya kamati nzima ya kwaya, akakuta shaba imekuwa nyeusi tii kama kitako cha sufuria. Hakuhitaji kufikiri sana. Kila mwenye mikorosho huku ana salfa, ule unga wa manjano wa kupuliza maua yasishikwe na ugonjwa wa ubwiriunga, na salfa ikilala chumba kimoja na shaba, shaba huisha.

"Shemeji, umelaza mashine ya kanisa pamoja na salfa," alisema.

Dominiko akajibu kwamba salfa yake inakaa jikoni, nje ya nyumba. Rogath akamwuliza kama shaba siku hizi inajipaka masizi yenyewe. Kamati ikacheka, na kicheko kile ndicho kilichokata shauri. Dominiko alivuliwa utunzaji, na gita pia akanyang'anywa, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwa dada yake. Goreti hakugombana na mtu. Aliacha tu kumwuliza mumewe habari za kazi, akawa anamwekea chakula na kwenda zake.

Kwa hiyo Rogath alikwenda Nkowe akiwa na haja moja moyoni: alikute gunia la salfa. Likiwepo, neno lake la Naipingo limesimama, na mkewe atakubali kwamba mume hakumwonea ndugu yake. Lisipokuwepo, hakutaka hata kulifikiria.

Mwenyekiti wa kwaya ya Nkowe, Koleta, alimpokea mlangoni kwake huku uzi ukiwa umemning'inia shingoni. Ni fundi cherehani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu fundi. Mgonjwa wako yuko ndani."

Mashine ilikuwa kwenye chumba cha kushonea, juu ya meza, imefunikwa kitenge safi. Rogath alizungusha macho. Aliona vitambaa, pasi ya mkaa, picha ya Bikira Maria. Akainama kutazama chini ya meza, akachungulia na nyuma ya mlango.

"Umepoteza kitu?" Koleta aliuliza.

"Salfa mnaweka wapi, mama?"

"Salfa ya nini? Mimi sina mkorosho hata mmoja. Natafuta maisha kwa sindano."

"Na kabla haijaletwa hapa?"

"Ilitoka kwako ikaja hapa. Jumapili inakwenda kanisani, inarudi. Nani angeilaza na salfa, fundi? Tumeitunza kuliko mtoto."

Rogath akakaa chini, akaikwangua gundi yake. Ilikuwa nzima, haijaguswa na mtu. Alipofungua kifuniko, weusi ulikuwa unamngoja. Kwingine kote angeishia hapo, atoe hukumu na kupanda pikipiki. Safari hii hukumu ilikosa wa kumwangukia, ikabidi aendelee. Alitoa transfoma, akaanza kuifumua, tabaka baada ya tabaka, kama anayemenya kitunguu. Kwenye karatasi ya kati kabisa, pale ambapo hapafikiwi na mkono wa mtu isipokuwa wa aliyeisuka, palikuwa na vumbi jembamba la manjano.

Alilinusa, ingawa hakuwa na haja ya kunusa.

Karakana yake pale nyumbani ndicho chumba pekee chenye sakafu ya saruji na kufuli la maana. Salfa inaibwa. Kila msimu magunia ya shamba la Goreti la Mkotokuyana huingizwa mle, yanapangwa ukutani, na anayefunga mlango na kutembea na ufunguo ni Rogath mwenyewe. Karatasi zake za transfoma huziweka juu ya magunia yale, kwa sababu mezani zinalowa jasho la mikono yake. Ameishi na harufu ile mpaka pua ikaacha kumwambia.

"Kwa hiyo ni nini, fundi?" Koleta alikuwa bado amesimama.

Rogath alitamani aseme ni umeme. Umeme huwa haukosi lawama, na mwanamke huyu angemwamini. Lakini alikuwa amechoka hata na kujitetea.

"Ni mimi," alisema. "Mashine ilitoka kwangu ikiwa mbovu. Nitawaundia nyingine."

Koleta akamtazama, asijue kama amshukuru au amgombeze. Mwisho akamletea maji.

Njiani Rogath alimwambia dereva wasirudi moja kwa moja, wapitie Naipingo. Dereva akalalamika kwamba huko ni kuzunguka. Rogath hakubishana, akamwambia twende tu.

Walimkuta Dominiko uani, ameifungua mashine ya kupulizia mikorosho na anaisafisha kwa kitambaa. Alikuwa amekonda. Alimpa shemeji yake kigoda na salamu za heshima, kisha akaendelea kusafisha. Rogath aliyasema yote bila kupamba: karatasi, magunia, kufuli, ufunguo. Alisema atakwenda kuyarudia mbele ya kamati, na kwamba anaona aibu. Alipomaliza aliona afadhali angetukanwa.

Dominiko alikiweka kitambaa chini.

"Ulivyosema siku ile, shemeji, nilikasirika. Lakini wewe ndiye fundi. Nikaanza kujiuliza, labda watoto waliingiza gunia ndani wakati wa mvua. Nikawauliza, wakakataa. Nikawachapa."

Rogath akainamisha kichwa.

"Mwisho niliamini," Dominiko alisema. "Nikaenda kuungama. Nikamwambia padri nimeharibu mali ya kanisa kwa uzembe wangu. Akanipa malipizi, nikayatimiza yote. Sasa toba ile niifanye nini, shemeji?"