Maswali ya Nyuma ya Pazia

Jumamosi alasiri nilihudhuria mhadhara huko Mji wa Kale: kwa nini wasichana wetu hawasomi fizikia. Moshi wa udi ulinilevya kidogo. Wanaume tuliketi mbele, wanawake nyuma ya pazia la kijani, lililovuta pumzi na kuishusha kila feni ilipogeuka.

"Ulizeni lolote," alisema mwenyekiti.

Sisi tukauliza kwa sauti. Wao, kama ilivyo ada, waliandika. Vikaratasi vikatoka chini ya pazia kimoja kimoja, vikielea kwa upepo wa feni, nasi tukavipokezana hadi kwa mwenyekiti. Kimoja nilikisoma kikinipita: "Mbona skuli ya wavulana ina maabara, yetu ina vyerehani?" Mwenyekiti alivisoma kimoyomoyo, akatabasamu, akavitia vyote mfukoni mwa kanzu.

Mwishowe mhadhiri akauliza, "Na mama zetu, hawana maswali?"

"Hawana, maalim," alijibu mwenyekiti. "Ndiyo shida yenyewe hiyo."

Pazia likatulia. Kisha ikapenya sauti ya binti, taratibu kabisa: "Masalkheri, ami. Yale tisa yaliyomo mfukoni mwako, tuyaandike upya?"

Siku hizi nikiambiwa watu fulani hawana maswali, kwanza natazama mfuko wa anayesema.