Siku Nilipomzamisha Mjomba Barafuni

Nakiri mbele yenu, na aibu ninayo mpaka leo: nilimuua mjomba wangu kwa wimbo, tena ukweni, siku nilipokwenda kusikiliza jibu la posa yangu.

Mimi si mtu wa kubabaika, mnijue. Nimezaliwa Tabora, nikarudi Oman na wazee wangu, nikaenda Kanada kuchukua diploma ya ufundi wa viyoyozi (mjomba, kaka yake mama, alinipa pa kulala tu, ada nililipa mwenyewe kwa kuosha vyombo), na leo nimerudi Oman, nina duka langu mjini Nizwa. Basi alasiri ile tukaenda Ibra na mama, yeye akaingia kwa wanawake, mimi nikakaa majlisi na wazee, kahawa ikapita, halua ikapita, na Mzee Khalfan, baba wa binti, badala ya kunipa jibu akauliza, "Ati huko Kanada nako watu huimba?"

Ningesema ndiyo, yakaisha. Lakini mimi na diploma yangu! Nikawaeleza kuwa wavuvi na wakata magogo wa huko wana nyimbo za kuvunja mbavu, mtu anaimba amekaa huku miguu inapiga ngoma sakafuni, na papo hapo nikawatafsiria ule wa mzee aliyezama barafuni na farasi wake, kijiji kizima kikamlilia farasi. Jina la yule mzee likakataa kuingia kwenye Kiswahili, nikaweka "mjomba wangu" (nikaona ndiyo itachekesha zaidi). Nikaimba kwa majonzi ya uongo, miguu inatwanga zulia, vikombe vinacheza.

Hakucheka mtu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Mzee Khalfan, na wazee wote wakaitikia. Mmoja akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Maiti walimpata?"

Kabla sijafungua kinywa, habari ilishafika kwa wanawake, nikasikia sauti ya mama: "Kaka yangu! Kaka yangu wa Kanada!"

"Mambo ya posa tuyaache," alisema Mzee Khalfan, akiinuka. "Watu mna msiba."

Nikaona mke anaponyoka hivihivi. "Ami, hajafa mtu! Ni wimbo wa kuchekesha!"

"Wa kumcheka maiti?"

"Huko wanacheka, ami."

Nikampigia mjomba simu ya video, nikaipeleka mbio mlangoni kwa wanawake. Kwao asubuhi, akatokea na fulana ya ndani, povu la mswaki mdomoni. "Dada, unalia nini? Nani kafa?"

"Wewe!" mama akamfokea.

Hapo majlisi ikalipuka. Wazee ambao hawakutikisa hata mdomo kwa wimbo wangu walinicheka mimi mpaka vilemba vikalegea. Mzee Khalfan akafuta machozi. "Binti tumekupa. Lakini harusini, mwanangu, waache waimbe wengine."

Nimeoa, alhamdulillahi. Mke wangu ananiambia yeye aliucheka ule wimbo tangu mwanzo, nyuma ya pazia, kajiziba mdomo kwa shela. Basi namwimbia yeye peke yake, mlango umefungwa. Mbele ya wakwe, wallahi, siimbi tena.