Mgongo Ambao Hakuna Aliyeutazama

Nilifika nyumbani kwa kaka yangu, mtaa wa Ruhuwiko, Jumapili mchana, nikamkuta baba amekalishwa sebuleni. Alikuwa kwenye kiti kikubwa chenye vitambaa vya kufuma, amevaa koti la suti na kofia, miguu imefunikwa shuka. Kiharusi kilikuwa kimempiga miezi michache nyuma, upande wote wa kulia ukalegea, ndipo kaka akamtoa Madaba kwenye shamba lake na kumleta mjini. Mimi nilikuwa Tunduru wakati huo. Kabla ya Tunduru nilikuwa Masasi, na kabla ya hapo sijui wapi. Nimekuwa utingo wa malori tangu nilipomaliza kidato cha nne, na sijawahi kukaa mahali mpaka mwembe nilioupanda ukazaa.

Watu wa jumuiya walikuwa wamejaa. Wametoka kanisani, wamebeba sukari na sabuni, wanapita mbele ya kiti mmoja mmoja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," anajibu baba, mdomo umeenda upande.

"Mzee anaendelea vizuri! Si mnaona anakaa?"

"Anakaa kabisa. Huyu bado tunaye."

Kaka alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anatabasamu kama mwenye harusi. Mimi niliinama kumsalimia baba, nikamshika mkono, na hapo nikaisikia harufu. Nimewahi kusafirisha ngozi mbichi za ng'ombe kwenye lori lililofunikwa turubai, juani. Najua nyama iliyoanza kuharibika inanukaje, hata ukiipulizia manukato juu yake. Na manukato yalikuwepo, ya maua.

Nilimfuata shemeji yangu jikoni, mke wa kaka. Alikuwa anachochea maharage, hakuniangalia.

"Shemeji, baba ana kidonda?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni mkwe wake. Nachemsha maji, naweka mlangoni, natoka. Nitaingiaje chumbani kwa baba mkwe akiwa hana nguo?"

"Lakini harufu unaisikia."

"Pua ninayo, shemeji. Nilimwambia kaka yako. Akanunua dawa ya kupuliza."

Jioni wageni walipoondoka, nikaona jinsi baba alivyokuwa akiogeshwa. Kaka alimbeba hadi kitandani, akamfunika shuka hadi shingoni, akachovya kitambaa kwenye beseni, kisha akaingiza mkono chini ya shuka na kuanza kusugua. Uso wake wote aliuelekeza mlangoni. Alisugua hivyo, akitazama mlango, kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka chini ya kabati. Alipomaliza akambadilisha nepi kwa njia hiyohiyo, kwa kupapasa. Kwetu mtoto hatazami uchi wa baba yake. Tulifundishwa hivyo tangu tukiwa wadogo, mtoni, ambako baba alikuwa na sehemu yake ya kuogea nyuma ya mawe, na sisi tulikuwa tukisikia maji tu. Sikatai. Lakini wakati ule baba alikuwa na mikono miwili ya kujiosha.

Nikalivuta lile shuka.

"Unafanya nini wewe?" Kaka akanishika kifua. "Umemfunua baba!"

"Saidia tumgeuze."

"Umelewa? Laana hiyo unaitaka wewe, mimi na watoto wangu tuache!"

Nilimsukuma, akajigonga kwenye kabati, nikamgeuza baba peke yangu kwa ubavu. Kidonda kilikuwa chini kabisa ya mgongo, pale ambapo mfupa unaishia, mdomo wake kama mdomo wa kikombe cha chai. Pembeni cheusi, katikati cha kijani. Kaka alikuwa ameshageuka, anatazama ukuta.

"Baba, inauma?" nikauliza.

"Inauma sana."

"Mbona hukusema?"

Maneno yalikuwa yanamtoka moja moja. "Ningesemaje? Wageni walikuwepo."

Nilitaka kupiga kitu. Siku zote hizo alikuwa amekalia nyama yake mwenyewe inayooza, asubuhi hadi jioni, akiitikia marahaba.

Kesho yake tulimpeleka hospitali kwa bajaji, amelala kwa ubavu mapajani mwangu. Nesi aliyempokea alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, hakuwa na muda wa kutubembeleza.

"Nani anamwogesha huyu mzee?"

"Mimi," kaka akasema.

"Na hiki hukukiona?"

"Ni baba yangu, sista. Namwogesha kwa heshima. Siwezi kumtazama."

"Ahaa. Na mchana analala wapi?"

"Halali. Anakaa kwenye kiti. Tunamkalisha."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima," kaka akajibu, na sauti yake bado ilikuwa na majivuno kidogo.

Nesi alikisafisha, akakata ile nyama nyeusi, baba akinung'unika na kuuma kola ya shati lake. Kisha akatueleza, na alitueleza kama watu wanaoelezwa mara ya mwisho. Kiti hakuna. Alale kwa ubavu, ageuzwe kila saa mbili, kushoto kisha kulia, mto katikati ya magoti. Kidonda kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, na anayekiosha akitazame vizuri kama kimepungua au kimechimba. Apewe mayai, maharage, dagaa. "Kikifika kwenye mfupa," akasema, "mtamzika. Msije kusema kiharusi ndicho kilichomuua."

Basi nikakaa. Mimi niliyezoea kuondoka kabla godoro halijapata umbo langu, nikatandika mkeka chini, kando ya kitanda cha baba na kuanza kumgeuza. Alikuwa mwepesi. Wakati fulani, nikimwosha, nilimkumbuka akiwa mbele yangu kwenye njia ya shambani Madaba, asubuhi yenye ukungu, mgongo wake umejaa njia nzima na jembe begani, mimi nakimbia nyuma nisiachwe. Ule mgongo ndio huu. Nilikuwa nautazama mgongo huo kila siku utotoni, na hakuna aliyesema ni laana.

Wageni ndio walioanza kuleta balaa. Walipokuja wakakuta kiti kitupu, wakashika vinywa.

"Mzee amezidiwa?"

"Hajazidiwa. Amepumzika."

"Mchana wote huu?"

Kwa watu wetu, mzee akilazwa mchana maana yake mnasubiri. Jioni hiyohiyo jirani mmoja alimwuliza shemeji kama kuni za msiba zipo za kutosha. Akaja baba mdogo kutoka Madaba, kofia mkononi, macho mekundu, akiwa tayari kulia. Alipomkuta kaka yake anakunywa uji, hasira zake akanishushia mimi.

"Wewe mguu na njia! Miaka yote hujulikani uliko, leo unakuja kumlaza kaka yangu kama maiti?"

"Baba mdogo, njoo uone kidonda."

"Sioni! Sitaki kuona! Mimi ni mdogo wake!"

"Na mimi ni mwanawe, kaka ni mwanawe, yule ni mkwe wake, jirani ni jirani. Sasa nani aone? Tumwite mbwa?"

Kaka akanyanyua mkono anipige. Hakunipiga. Akasema tu, polepole, kwamba padre alikuwa anakuja Jumamosi kumpa baba mpako wa wagonjwa, jumuiya nzima itakuwepo, na kwamba siku hiyo baba atakaa kwenye kiti chake, amevaa koti lake. "Saa moja tu," akasema. "Usinivue nguo mbele ya padre."

"Wewe? Anayevuliwa nguo ni wewe?"

Wiki hiyo kidonda kilikuwa kimeanza kuwa chekundu, chekundu kizuri, kile ambacho nesi alisema tukitafute. Kidogo tu, pembeni. Nilikuwa nikikiona nacheka peke yangu.

Jumamosi sebule ilijaa hadi barazani. Padre alikuwa kijana, mavazi yake ya ibada yamekunjwa mkononi. Kaka alikuja chumbani na lile koti.

"Mnyanyue."

"Hapana. Zamu hii ni ya ubavu wa kulia. Uso unaangalia ukutani, akigeuzwa sasa atalalia ubavu wa kushoto, ambao umechubuka."

"Padre amsalimie mgongo?"

"Tusogeze kitanda, apite upande wa pili."

Akakataa kugusa kitanda. Nikaenda mlangoni, nikawaambia watu wote kwamba baba ana kidonda kikubwa mgongoni, kimetokana na kukalishwa kwa ajili yao, na anayetaka kumwona aje chumbani. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mama mmoja alianza kuimba ili anizime. Padre alinitazama, akaingia, akaweka stola shingoni, akashika pembe ya kitanda.

"Tuvute," akaniambia.

Tukavuta. Akapita kwenye ule uwazi mwembamba kati ya kitanda na ukuta, akachuchumaa, akampaka baba mafuta kwenye paji la uso. Wengine walibaki upande wa huku, wakisali wakiutazama mgongo wa baba. Walipokuwa wanaaga, walisema shikamoo kwa ule mgongo, na baba akajibu marahaba akiangalia ukuta. Baba mdogo hakuaga. Aliondoka na basi la jioni.

Walipokwisha kuondoka, ilikuwa saa ya kumgeuza na kumwosha. Siku hiyo mkono wangu ulikuwa umeteguka katika kuvuta kitanda, nisingeweza peke yangu. Nikamwita kaka. Akaja, akasimama kwenye kizingiti, shingo imepinda kuelekea sebuleni.

"Mshike bega na nyonga, umvute kwako. Mimi nitaosha."

Akasogea, akashika kwa kupapasa. Baba akapiga ukelele, kwa sababu kidole cha kaka kilikuwa kimeingia kwenye kidonda.

"Tazama unaposhika!" nikampigia kelele. "Tazama!"

Akatazama.

"Dadi," akasema, kwa Kingoni, kama tulivyomwita tukiwa watoto. Akamwachia taratibu, akatoka mbio, nikamsikia akitapika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Shemeji akampelekea maji. Alirudi baada ya muda, uso umelowa, akasimama upande wa kitanda, macho palepale kwenye kidonda, na akauliza mkono wa kwanza aweke wapi.

Nikamwonyesha. Sikumwambia pole, na mpaka leo sijamwambia.