Jina Moja Kwenye Kibali cha Reli

Siye tuliokulia Kamina miaka ile ya hamsini, safari haikuanza siku ya kupanda treni. Ilianza miezi miwili kabla, pale baba aliposema mezani, "Vakansi kubwa, shule ikifungwa, tutaenda kuona tembo," mama akajibu, "Mungu akipenda," na nyumba nzima ikapata wazimu. Leo wajukuu zangu wanapanga safari kwa kidole kimoja, wamejilaza kwenye kochi, halafu wanasema wamechoka. Wamechoshwa na nini, sijui.

Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Jioni alirudi ananuka grisi na makaa, nasi tuliipenda harufu ile kuliko manukato yoyote ya leo. Kila mwaka alipewa kibali kimoja cha kusafiri bure na familia yake. Mwaka ule kingetufikisha Bukama, kisha lori lingetupeleka hadi mpakani mwa mbuga ya Upemba, ambako mjomba Kasongo, kaka yake mama, alikuwa mlinzi. Mjomba aliandika kwamba ukikaa kwenye kilima cha kituo chake unawaona tembo wakiteremka kunywa maji, nawe unatafuna karanga zako kwa raha. Barua ile tuliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Basi tukajiandaa. Mama alikausha samaki wadogo juu ya paa, akakaanga karanga, akafua hata nguo ambazo hazikuwa chafu. Sanduku la bati lilifungwa na kufunguliwa kila siku, maana kila siku kulikuwa na kitu kilichosahauliwa chini kabisa. Mdogo wangu Banza, wa miaka mitano, alilala na viatu asije akaachwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na domo. Nililitangazia darasa zima, hata Sista akasema nikirudi nitasimama mbele niwaeleze wenzangu tembo ana harufu gani.

Nkambo, bibi yangu mzaa baba, aliishi nasi, na yeye hakujiandaa kwa kelele. Alifunga tu kwenye kitambaa donge la mpemba, ule udongo mweupe tunaopakaa kwa baraka, akaliweka chini ya mto wake. Alikuwa amezaliwa huko huko. Mbuga ilipowekewa mipaka kijiji chao kilihamishwa, na kaburi la mama yake likabaki nyuma, karibu sana na kilima cha mjomba. Hakuwahi kurudi. Sisi tulizungumza tembo asubuhi na jioni, naye alitusikiliza tu akitabasamu, kwa sababu alijua anakwenda kwa nani.

Siku baba alipoleta kibali, hakuingia ndani mara moja. Alinawa mikono, akanawa tena. Karani alikuwa amemweleza kwamba kwenye karatasi zao familia ni mke na watoto. Mama mzazi hahesabiwi. Na tiketi ya kununua ilituzidi uwezo.

"Bamekatala Nkambo," alisema, bila kumtazama yeyote.

Nkambo alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Mikono yake haikusimama. "Muende tu, batoto yangu. Mukifika kule, munisalimie mama."

Afadhali angelia.

Baada ya kula, baba alikisoma kibali kwa sauti, kama alivyosoma kila karatasi yenye muhuri. Alisoma jina la mama. Alisoma la Banza. Kisha akasoma, "Ngoie."

"Niko!" tukaitika sauti mbili, mimi na Nkambo, kwa mazoea.

Kwetu mtoto hupewa jina la mkubwa wake, na jina haliji peke yake. Nilikuwa somo wa Nkambo, kwa hiyo baba aliniita Mama hata alipokuwa ananigombeza. Alinichapa siku moja kwa kuvunja taa, na katikati ya fimbo akawa anasema, "Mama, utaacha lini utundu?"

Mama aliweka sufuria chini polepole. "Baba Ngoie, lakini jina imeandikwa."

"Ile ni bongo, ni kudanganya," baba akasema. "Bameandika mutoto."

Hapo Nkambo akainua macho. "Hii mutoto, weye unamuitaka nani?"

Baba akauangalia muhuri wa kibali.

"Sema, bantu basikie."

"Mama," baba akajibu, sauti ya chini.

"Na minyi, unaniitaka nani?"

Baba alikunja kibali, akanigeukia mimi. "Nafasi iko yako. Weye mwenyewe njo utasema."

Sitajisifu. Nilikimbilia nyuma ya jiko nikalia kwa hasira. Nilimchukia karani, nikalichukia darasa lililonisubiri, nikalichukia hata jina langu. Niliporudi nilimkuta Nkambo amekitoa kile kitambaa chini ya mto, anamkabidhi mama. Alikuwa anamwelekeza namna ya kulipata kaburi: kuna mawe matatu makubwa, lililo katikati ndilo la kupakaa. Alieleza mara mbili, halafu akaanza mara ya tatu. Nikakichukua kitambaa mkononi mwa mama, nikamrudishia mwenyewe.

"Aende yeye," nikasema. "Lakini aangalie tembo muzuri. Minyi nitauliza yote."

Asubuhi ya safari nilisimama stesheni na mama wa jirani, ambaye ningebaki kwake. Mkaguzi wa treni alisoma kibali, akamtazama Nkambo na mvi zake, akasoma tena. "Ngoie, mutoto. Iko wapi huyu mutoto?"

Nkambo akaninyooshea kidole. "Ule kule. Nimemuacha achunge nyumba."

Mkaguzi alinijia. "Weye jina yako nani?"

"Ngoie."

"Na baba yako anakuitaka namna gani?"

"Mama."

Alikuwa Mluba kama sisi. Alinitazama kidogo, akarudi, akatoboa kibali. "Basi," akasema, "Ngoie amebaki, Ngoie ameenda. Mupande."

Walirudi baada ya siku kumi. Nkambo hakupumzika. Alinikalisha mkekani, akanipaka kwenye paji la uso mpemba uliobaki, akaanza: "Tulifika jioni. Tuliona tembo saba. Tulimukuta mama." Kila neno lilikuwa la wawili. Alikuwa ametaja jina letu pale kwenye mawe, akasema tumefika. Darasani nilisimama nikaeleza kila kitu, matope, mlio, harufu, na Sista akanipongeza. Banza, aliyesinzia sehemu kubwa ya safari, hadi leo anasimulia safari aliyoisikia kwangu.

Namshukuru Mungu kwa nyumba ile, na kwa mkaguzi yule ambaye sikuwahi kumjua jina. Maisha yangu yote sijaikanyaga Upemba, na sikumbuki kuikosa.

Sasa mjukuu wangu, Ngoie kama mimi, anataka kwenda huko vakansi hii. Hana barua iliyochanika wala sanduku la bati. Ana simu, na kwenye simu, anasema, mipango yote imekwisha. Juzi alinionyesha tembo humo humo, wadogo kama panya, na hawana harufu. Nilicheka, naye akanuna kidogo. Kisha akayatazama magoti yangu, akasema, "Nkambo, weye ukae. Minyi nitaenda."

Nikaingia chumbani nikatoa kile kitambaa cha Nkambo, ndani yake donge jipya la mpemba. "Kuna mawe tatu," nikamwambia. "Utapakaa ya katikati. Na jina utaitaja mara moja tu. Itatutosha bote."