Tulimpigia mgonjwa ngoma chini ya dirisha la wodi, nyumbani wakaanza kulia msiba

Wakuu, heshima zenu wote. Mimi ni bibi kizee wa huku Tororo, nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Ninayoandika sikusimuliwa. Nilikuwepo, na mengine yananiaibisha mpaka leo.

Juzi kijana mmoja humu alisema siku hizi mgonjwa akitoka theatre anavalishwa headphones, asikilize muziki na sauti za ndege na mvua ili apone haraka. Watu wakasifia teknolojia.

Nikacheka peke yangu. Jambo hilo tulilifanya enzi za mkoloni, bila umeme.

Nilikuwa mke mpya. Kwetu ni Bulumbi, nikaolewa Nabuyoga. Hata mwaka haujaisha, utumbo wa mume wangu Ochwo ukajisokota. Tukambeba kwa machela hadi hospitali ya misheni, akapasuliwa.

Operesheni ilikwenda vizuri. Shida ikawa Ochwo mwenyewe. Kwake yeye, mtu akishapasuliwa tumbo amekwisha, anangoja siku tu. Akageukia ukuta. Hali, hasemi, hainuki.

Daktari Mzungu akaniambia kwa Kiswahili chake: "Mama, bwana yako lazima tembea. Kama hapana tembea, kifua taharibika, yeye takufa."

Nililia, siwafichi. Nilimpenda yule mwanaume. Tena kwa mila za wakati ule ningerithiwa na shemeji Oketcho, mtu mwema lakini mvivu ajabu.

Wodi ilikuwa kimya, madirisha yamefungwa, maana sista hakutaka kelele. Siku ya tatu alipotoka kidogo, nikafungua dirisha la upande wa kinamasi.

Zikaingia sauti za njiwa, vyura, na ng'ombe wanaopelekwa kunywa maji. Ochwo akageuza shingo.

"Huyo ng'ombe nakohoa," akasema.

Maneno yake ya kwanza tangu apasuliwe! Nikakimbia kumwita daktari. Akaamuru dirisha libaki wazi.

Basi nikaingiwa na tamaa. Ochwo alikuwa mpigaji hodari wa ile ngoma ndefu ya Kipadhola, ya kabila lake. Shemeji alipoleta uji, nikamwambia kesho aje na ngoma. Daktari akakubali, ila ipigwe nje, mchana.

Wakuu, shemeji alipiga vibaya! Ochwo akaanza kugonga chuma cha kitanda kwa vidole kumrekebisha, mwisho akashindwa kuvumilia:

"Oketcho! Wewe nalima ama napiga ngoma? Mkono ya kushoto nalala!"

Wodi nzima ilicheka, hata mzee aliyekatwa mguu. Siku hiyo Ochwo akamaliza uji. Lakini kusimama, akakataa katakata.

Sasa hapa ndipo akili zetu zilipoishia. Ngoma ile hupigwa kwenye sherehe, na hupigwa kwenye matanga pia. Watu waliotoka sokoni wakaisikia hospitalini, wakamwona anayepiga ni ndugu yake Ochwo. Nani anafanya sherehe hospitalini? Wakapeleka habari Nabuyoga.

Kesho yake asubuhi tukasikia kilio getini. Mama mkwe mbele, ukoo mzima nyuma. Akajitupa chini: "Ochwo! Mwana yangu! Sasa nani tanizika mimi?"

Nikatoka mbio kuwaeleza. Wapi, nani anasikia?

Mara wakanyamaza mmoja mmoja, wanatazama nyuma yangu. Nikageuka. Ochwo alikuwa anakuja, mkono mmoja ukutani, mwingine ameshika mshono, hatua moja moja. Veranda yote. Hadi getini.

"Mama, amka," akasema. "Udongo iko baridi."

Mama alimkagua juu hadi chini, kisha akanigeukia, akauliza nani aliyeruhusu ngoma. Shemeji alikuwa ameshapotea.

Funzo langu: mgonjwa akishashonwa, kuna mahali sindano haijafika. Mpelekeeni sauti ya kwao. Ila kwanza mtume mtu nyumbani akaeleze ni ngoma ya nini, maana kumbe walishachimba kaburi hadi magotini. Ochwo alipopata nguvu alilifukia mwenyewe, akapanda mgomba juu yake, na watoto wangu saba wote wamekula ndizi zake.

Haya, na nyie wagonjwa wenu waliinuliwa na sauti gani? Andikeni, nasoma polepole lakini nasoma zote.