Ndiyo ya Kuvuta Pumzi

Simu janja zilikuwa bado ngeni. Kwenye treni ya kwenda Södertälje, mji ulio karibu na Stockholm, niliketi na mama mmoja Mkongo, tukasalimiana kwa Kiswahili. Simu yake ilikuwa ikimfundisha Kiswidi: inatamka neno, anarudia, inamsifu.

Akajaribu kumuuliza bibi Mswidi aliyekaa mbele yetu kama treni inafika Södertälje. Bibi akavuta pumzi ghafla, kama aliyekanyaga maji ya barafu.

Mama akanigeukia kwa hofu. "Papa, ule bibi anagonjwa?"

"Hapana, mama. Watu wa kaskazini ya Sweden wanasema 'ndiyo' kwa kuvuta pumzi hivyo."

Alicheka mpaka machozi, akigonga kioo cha simu. "Huyu mwalimu hapumui, angejulia wapi!"

Basi bibi akamfundisha: midomo mbele, vuta. Wakavuta pamoja njia nzima. Tulipofika, bibi akamuuliza kama ameelewa. Mama akavuta moja safi kabisa.

Simu ikasema: "Sijasikia. Rudia."

Wiki hii nimenunua simu mpya. Inaongea Kiswidi kunishinda, inanisahihisha kwa adabu. Ikaniuliza kama nimeelewa somo. Nikavuta pumzi.

Bado inasubiri jibu.