Paka Aliyelishwa Maharage

Dada yangu alikuja kuishi kwangu Bariadi baada ya ziwa kumchukua mwanawe. Nyumba yao ilikuwa Kalemela, kando ya ziwa. Mtoto, binti wa darasa la tatu, alikwenda kuchota maji na wenzake akateleza. Wavuvi walimpata kesho yake, karibu na nyavu. Tangu siku ile dada hakutia samaki mdomoni. Alisema samaki wa ziwa lile walimgusa mwanawe kabla yake yeye. Nani angembishia?

Alishuka kwenye basi na begi moja na kapu lililofunikwa kwa khanga. Ndani ya kapu alikuwamo paka jike wa kijivu. Marehemu ndiye aliyemlea, kwa vichwa vya samaki na dagaa alivyoombaomba mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki.

Mwanzoni dada aliacha samaki tu. Kisha sikukuu moja nikachinja kuku. Dada alimsikia kuku yule akilia uani, akajifungia chumbani mpaka jioni. Alipotoka aliniambia kwa upole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa, "Mdogo wangu, naomba kisiingie tena humu ndani kitu kilichouawa." Nikakubali. Kwangu haikuwa taabu kubwa. Ugali, maharage, mlenda, michembe ya viazi vilivyokaushwa na karanga, ndivyo tulivyokulia kijijini kwetu Sapiwi. Baadaye akaacha na mayai, akaacha na maziwa, akisema ndama naye ana mama yake.

Paka akawa anakula tulichokula. Angeweza kujitafutia panya, lakini jirani yetu mwenye stoo ya mahindi alikuwa anatega sumu, na paka wengine wa mtaani walishakufa kwa kula panya waliokula ile sumu. Kwa hiyo dada hakumtoa nje. Alimpondea maharage kwa mwiko, akayachanganya na ugali na karanga zilizotwangwa, akampozea kwa kupuliza. Sijawahi kuona mnyama akipendwa hivyo. Na kweli alikula, akashiba, mpaka tumbo likawa duara. Miezi ikapita, nikaamini labda ulaji wa paka ni mazoea tu.

Halafu akaanza kugonga miguu ya meza. Alikuwa akiruka kwenye kochi anakosea, anaanguka chini na kubaki amekaa pale pale, mboni zimetanuka hata mchana kweupe. Manyoya yakamsimama ovyo. Kutembea toka jikoni hadi mlangoni kukamtoa pumzi.

"Amezeeka," dada akasema.

"Dada, huyu hajazeeka. Tumpe hata dagaa kidogo, nitampikia nje, wewe hutaona."

"Hao dagaa unajua walikula nini?"

Nikaokota sahani ya paka nikaenda kuiosha. Kila mara neno hilo lilinifunga mdomo.

Nilimwita bwana mifugo. Alizoea ng'ombe na mbuzi, lakini alikuja. Alimmulika paka machoni kwa tochi ya simu, akaweka sikio ubavuni mwake, akasikiliza muda mrefu. Kisha akauliza anakula nini. Dada alimweleza kila kitu kwa fahari kidogo, mpaka zile karanga.

"Mama," akasema yule bwana, "mbuzi anaishi kwa majani. Mbwa anaweza kujikongoja na ugali. Paka hawezi. Kuna kitu kiko kwenye nyama na samaki, mwili wake haukitengenezi cha kutosha. Akikikosa muda mrefu, macho yanakufa na moyo unalegea."

"Hakuna namna nyingine? Dawa?"

"Nasikia nchi za wenzetu kiwandani wanakitengeneza hicho kitu, wanakitia kwenye chakula cha mimea, na bado daktari anampima paka mara kwa mara. Hapa Bariadi tutakipata wapi? Mpe samaki. Macho hayatarudi. Moyo, tujaribu."

Dada alijifunga kitenge akatoka. Nilidhani amekwenda kulia. Kumbe alikwenda sokoni, akarudi na sangara wa Nyashimo, wa ziwa lile lile, kwenye mfuko mweusi. Alimparua magamba mwenyewe, machozi yakidondokea kwenye beseni. Alimchemsha, akatoa miiba yote, akapiga magoti mbele ya paka. "Kula, mayu, kula mama. Kula, samahani. Kula."

Paka alinusa. Alilamba supu mara chache, akalaza kichwa juu ya mkono wa dada. Pumzi zilikuwa fupi fupi. Tuliendelea kumpa samaki asubuhi na jioni, na kuna siku alikula kidogo tukapata matumaini, lakini hakufika mwisho wa wiki.

Nilichimba mimi, nyuma ya nyumba. Dada alisimama ameshika kapu.

"Nilitaka kisife kitu kingine mikononi mwangu," alisema. "Hicho tu ndicho nilichotaka."

Nilimwambia hakujua. Nilimwambia alimpenda. Alitikisa kichwa kukubali, kama unavyomkubalia mtu anayekwambia njia ya mahali usikokwenda.

Mama yetu anapiga simu kutoka Sapiwi kila Jumapili, anamtaka arudi nyumbani. Dada anamwitikia vizuri, anamuuliza hali ya mvua na pamba, kisha ananirudishia simu. Samaki hali, nyama hali, na sasa maharage nayo yamemshinda. Akiyaona yanachemka anatoka kwenda nyuma ya nyumba. Anakula ugali kwa chumvi, tonge chache, halafu anasukuma sahani. Amekonda mpaka pete imemtoka kidoleni. Mimi napika, napakua, naondoa vyombo. Sijui nimpe nini.